Robo Yangu ya Sinia

Muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Tanga alinichorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga za majani, robo samaki au maharage, robo iliyobaki wali au ugali. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Nilikuwa nimeshafika Raskazone, karibu na kwangu, nilipokumbuka kwamba mlo ninaoupenda kuliko yote hauliwi kwenye sahani.

Kila Ijumaa baada ya swala, sisi ndugu watatu na shemeji yetu hukutana Pangani kwa mama, tukala sinia moja: wali wa nazi na samaki wa kukaanga juu yake. Adabu ni kula kilicho mbele yako. Lakini ipo adabu nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ni kumsogezea mwenzako. Kaka yangu hunisogezea wali bila hata kuutazama, huku akizungumza habari za minazi yake. Sijui nimekula kiasi gani mpaka chuma cha sinia kionekane. Kwa mtu ambaye sukari imeshaanza kumtia ganzi vidole vya miguu, kutojua huko si jambo dogo.

Basi Ijumaa iliyofuata nikaenda na sahani yangu ya plastiki yenye vyumba vitatu, ya aina wanayonunuliwa watoto wa chekechea. Shahada yangu ya chuo kikuu haikunionya.

"Hiyo ya nini?" mama akauliza.

"Ya kupimia chakula, mama. Sukari."

"Profesa anaogopa mikono yetu," shemeji akasema.

"Mwache," kaka akamjibu. "Wasomi hula kwa vyumba. Wali unalala chumbani, mchicha unapumzika barazani."

Nilicheka nao, nikala kwa kijiko pembeni. Mama hakucheka.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na sinia. Mama alikuwa amempakulia kila mtu sahani yake. "Nisije nikamtenga mmoja," alisema, akarudi jikoni. Kaka alibeba yake akaenda kukaa nje. Mdogo wangu alikula akitazama simu. Shemeji alimaliza upesi, akaaga. Mlo ambao siku zote hutufikisha karibu na alasiri ulikwisha kabla mchuzi haujapoa. Sahani yangu ilikuwa sahihi kwa vipimo vyote, na sijawahi kula chakula kibaya zaidi katika nyumba ile.

Nikamfuata mama jikoni. Nikamwambia nilichopaswa kuanza nacho: kwamba miguu inakufa ganzi, kwamba naogopa, na kwamba sitaki kula peke yangu.

"Sasa si ungesema," alinijibu. "Au uliona hiyo sahani ina mdomo?"

Sinia limerudi. Mama hupakua mwenyewe: upande wangu mlima wa mchicha na matembele, kipande cha samaki, wali kiasi cha ngumi. Kaka amekatazwa kunisogezea wali, kwa hiyo hunisogezea samaki. Kipimo cha mwisho kilionyesha sukari imeshuka, ingawa si kwa kiasi cha kujisifia. Tatizo jipya ni mdogo wangu, ambaye huvuka mpaka na kuchota matembele yangu.

"Hiyo ni dawa ya kaka yako," mama alimwambia Ijumaa iliyopita, amesimama mlangoni.

"Na mimi mgonjwa, mama. Usiku silali, ni kiu na chooni, kiu na chooni."

Alikuwa anatania, lakini hata sukari yangu ilianza hivyo hivyo. Kaka aliacha kutafuna, akanitazama. Jumatatu nilimpeleka mdogo wangu kliniki kupimwa sukari.