Udongo Uliohamia kwa Dada

Baba alitugawia shamba mimi na dada yangu mkubwa kwa kufuata korongo: upande wa mashariki ukawa wake, wa magharibi wangu. Korongo lenyewe, kama mengi ya huku Dodoma, ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha milimani hujaa kwa saa chache, kisha hukauka.

Mbele ya shamba langu korongo lilipinda. Kila msimu maji yaliipiga kona ile, yakamega ukingo wangu, na tope likaenda kutua upande wa dada. Baada ya miaka michache nilikuwa nimepoteza mistari mitatu ya mizabibu, naye amepata kipande kipya cha udongo mweusi. Akapanda nyanya.

Nilizikuta sokoni Majengo, watu wakizisifia. Nilinunua fungu moja bila kusema ninamjua mkulima, nikazipika nyumbani kwangu Makole. Zilikuwa tamu, nami nikauchukia utamu wake. Ule ulikuwa udongo wangu.

Kiangazi kilichofuata niliwaita mafundi wawili, wakapanga mawe kutoka ukingoni hadi katikati ya korongo, ili maji yageukie kwake. Dada nilimwambia nazuia mmomonyoko. Hakuuliza zaidi.

Mvua ya kwanza ilikuwa kubwa. Maji yaligonga mawe, yakazunguka nyuma yake na kuchimba. Asubuhi niliyakuta mawe yamesimama peke yake mchangani, na nusu ya mizabibu yangu haipo.

Dada alivuka kuja kunipa pole. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akayatazama mawe kwa muda mrefu.

"Ulitaka yaje kwangu," alisema.

Sikukataa.

"Maji hayasukumwi, mdogo wangu. Yanapunguzwa mwendo."

Akanieleza kwamba miaka yote hiyo alikuwa akipanda matete ukingoni kwake, nayo ndiyo yaliyonasa tope. Mimi nililima hadi mwisho kabisa wa ukingo, nikaiita kazi yake wizi.

Juma lile alileta vipando vya matete, tukapanda siku mbili. Ukingo umeshika, na tope limeanza kutua kidogo kidogo.

Mwaka jana alichimba kisima mchangani upande wake, akapata maji baridi. Nilimpongeza kwa moyo wote, nadhani. Lakini kwenye bajaji ya kurudi mjini nilijiuliza kwa nini sikuchimba mimi kwanza.