Katuni ya Kuaga

Kuchora watu katuni si kazi ya kuchekesha, wacha nikuambie. Unamkazia mtu macho mpaka uone kile anachokificha, pua, meno, kidevu, halafu unakikuza bila aibu. Mama mmoja kwenye maonyesho ya kilimo ya Jamhuri alinitwanga na mwavuli kwa sababu ya shingo yake. Lakini nilikuwa na kodi ya nyumba, na miaka ile ya elfu mbili na kitu, kwenye kijia nilichokalia katikati ya jiji, hakuna aliyenunua picha za maua.

Kilichonilisha hasa ni sherehe za kuaga. Mtu akiacha kazi ofisini, wenzake walichanga, wakaniletea picha yake, nikamchora katuni kubwa ya kutiwa fremu. Nami nilialikwa, niwachore wageni huku wakila nyama.

Siku moja akaja mama mmoja mcheshi, mhasibu, na picha ya mwenzake aliyekuwa akistaafu mapema. Jamaa alikuwa amenona, mashavu yamejaa, kitambi kimelishinda shati.

"Mchore vile tunamjua," akaniambia. "Na tumbo usilisahau!"

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kitambi kama kile ni zawadi kwa mchoraji. Nikakifanya meza, juu yake nikaweka sahani ya pilau na chupa mbili za soda, na mashavu nikayaumua kama mandazi.

Sherehe ilifanyika uani kwa meneja wao, mtaani Muthangari. Nilifika na fremu nimeifunga kwa gazeti, nikamtafuta mwenye kitambi, nikamkosa. Nikamuuliza mhasibu. Akanionyesha kwa kidevu, bila kugeuka. Kwenye kiti cha mbele, amejifunika shuka ya Kimaasai juani, aliketi mtu mwembamba ajabu, suti imemlegea mabegani. Mkewe alikuwa kando yake. Wageni walimsalimia mke, wakapita.

"Kwani alipatwa na nini?" nikanong'ona.

"Ni kifua." Siku hizo kila aliyekonda walisema ana kifua, ugonjwa wenyewe haukutajwa.

"Sasa mbona mkanipa picha ya zamani?"

"Ulitaka tukupe gani? Si huyo ndiye tunamjua?"

Nikamsihi tuifiche fremu, niseme kioo kimevunjika. Akakataa, meneja alikuwa ameshasimama kuhutubu, akimsifu jamaa huku akiangalia ua wa michongoma. Gazeti likachanwa. Makofi yakapigwa, kisha yakafifia, mmoja mmoja akitazama viatu vyake. Jamaa aliliangalia lile tumbo kwa muda mrefu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani amechora hii?" akauliza.

Nikajitokeza.

"Haya, nichore sasa hivi. Hivi nilivyo."

"Mzee, si lazima."

"Nichore vile unachora wengine. Usinionee huruma."

Akaiondoa shuka, akaiweka sawa tai yake. Nikaketi mbele yake. Sijawahi kuogopa karatasi kama siku hiyo. Kazi yangu ni kukuza kilichochomoza, na kwake kilichochomoza kilikuwa mifupa. Nikachora taya, mishipa ya shingo, kola iliyobaki wazi pande zote, meno yaliyokuwa makubwa kuliko mdomo. Mkono ulitaka kumwekea nyama kidogo shavuni, nikaukatalia. Muda wote huo alinitazama moja kwa moja.

Nilipompa karatasi akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, kikaishia kwenye kikohozi kilichomkunja mpaka mkewe akamshika mgongo. Mhasibu akachungulia picha, akanirukia.

"Huna utu wewe! Mtu mgonjwa unamfanyia hivi?"

Wengine wakadakia. Mwanamume mmoja akanikamata kola, ati nitoke kabla sijatolewa. Penseli zangu zikatawanyika kwenye nyasi.

Jamaa akainua mkono. Ilibidi asubiri pumzi imrudie.

"Mwacheni. Tangu nitoke hospitali, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniangalia."

Mkewe akaanza kulia, polepole, bila kujifuta. Kisha meneja akasema, jamani, keki ikatwe, na wote wakageuka kuitazama keki.