Siku Khavere Alipoyaona Maharagwe Yake

Haki ya Mungu, sijawahi kuona mtu akishtuka vile. Khavere, jirani yangu wa kibanda cha chakula hapa mtaani Mukuru kwa Reuben, alikuwa akiwapikia vibarua wa viwandani wali na maharagwe. Mwaka ule wa tisini na sita wateja wakaanza kumhama mmoja mmoja, wanakuja kwangu kula chapati. Akanilaumu mimi! Eti mimi Mourine nimemchafulia jina. Salamu akaninyima, na alikuwa mjane, watoto wake wanakula kutokana na kibanda hicho tu.

Nami nilishamwona akisukuma pakiti ya chumvi mbali na uso ndipo aisome. Maharagwe aliyachagua kwa vidole, macho yako barabarani, mdomo unapiga gumzo. Nikamwambia, "Dada, macho yameingia utu uzima, tafuta miwani." Lo! Alinitukana vizuri. Kwake miwani ilikuwa ya walimu na wazee, tena ukiivaa inakumalizia macho. Wengi hapa wanaamini hivyo.

Sufuria ilipoanza kurudi nyumbani imejaa, akaenda kwa Jimale, anayetandaza miwani ya mitumba juu ya gunia. Unajua tunavyochagua hapo: unavaa, unatazama kibao cha duka ng'ambo ya barabara, kikisomeka unalipa. Sasa Khavere kile kibao alikiona vizuri hata bila miwani! Akaokota ya kwanza iliyomwonyesha kibao, akarudi akijishaua. Wateja waliendelea kuhama.

Nikachoka. Asubuhi moja, maharagwe yake yakiwa tayari motoni, nikamshika mkono, nikabeba ungo wa yale ya kesho, nikamburuta hadi kwa Jimale. Jimale akacheka. "Mama, kwani wewe unapikia kibao? Tazama kazi yako." Akamvisha moja, ikamtia kizunguzungu. Nyingine, bado. Kisha yenye kioo kinene kidogo. Khavere akainamia ungo.

Akayapekua kwa kidole. "Woi! Mourine, hivi ni nini?"

Vijiwe. Wadudu wanatembea. Nilijua kuna uchafu, lakini nilipoinama nami nikaona ni mwingi kuliko nilivyodhani.

"Na haya nimeshayachagua!" akapiga kelele. "Haya nimeshayachagua mimi!"

Tulirudi mbio. Opicho, kibarua aliyekuwa mteja wake wa mwisho, alishakaa kwenye benchi akingoja sahani. Khavere akaishusha sufuria, akaimwaga yote mtaroni mbele yake.

"Opicho, umekula mawe na wadudu muda wote huu! Mbona hukuniambia?"

Opicho akaangalia viatu vyake. "Tulidhani unaona, mama," akasema polepole. "Tulidhani umeamua tu kwamba vibarua wanastahili kula hivyo."

Khavere akaketi chini palepale, akalia kwa sauti. Nami, na hasira zangu zote za mwaka ule, nikaketi chini kando yake.