Sitara Niliyompa Kaka Yangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kaka yangu alipumzika mara nne kati ya Jomvu Kuu na Magongo. Mtu mzima, miguu yake miwili, ameketi juu ya jiwe kando ya njia kama mzigo uliotuliwa. Kila alipoketi nilisimama mbele yake nikijifanya natazama mashamba, ili wapitao wasimwone. Kosa langu lilianzia hapo, wala sikulijua.

Kaka yangu Athumani alirudi kutoka vita vya Bama, kule Burma walikopigana na Wajapani, bila kovu hata moja. Alirudi na kifua. Alikipatia huko msituni, kulala matopeni, na hakikupona tena. Nayo yalikuwa maradhi ya kuja na kwenda: leo atakwenda msikitini kwa miguu yake, kesho hawezi kuinua kata ya maji. Watu waliiona ile siku ya msikitini tu. "Athumani mzima yule," walisema, "amerudi na uvivu wa jeshini." Kazi ya bandarini ilimshinda siku ya tatu. Mkewe, Bi Mwanaisha, alisuka makuti akauza, na watoto wawili wakala kilichopatikana. Ndipo tukasikia kwamba serikali inawapa pensheni askari walioharibika vitani, na kwamba daktari na afisa wataketi Changamwe kuwachunguza.

Kiingereza nilikuwa nacho mimi. Nilikuwa nimemaliza shule mwaka uleule, kijana wa kuwaza kupita kiasi. Mtu akiniitikia salamu kwa sauti ndogo, chakula hakinipiti nikijiuliza nimemkosea nini. Nikawa mkalimani wa kaka yangu. Na mfukoni, mwanangu, nilikuwa na barua yangu mwenyewe ya kuomba ukarani katika ofisi ileile.

Asubuhi ile ya kupumzika njiani tulifika Changamwe, na nje ya ofisi tukakuta askari wamepanga foleni. Mmoja wao, wa mguu mmoja, alimtazama kaka tangu kofia hadi viatu.

"Wewe wadai nini, bwana? Mbona umekamilika kama bwana harusi?"

"Kifua," kaka akajibu.

"Kifua! Basi nipe miguu yako, nikupe kifua changu."

"Twaa yote miwili," kaka akasema, akitafuta pumzi, "na viatu nakuongeza."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nilikuwa natazama ni nani amesikia.

Ndani, daktari alimsikiliza kifuani. Saa hiyo kifua kilikuwa kimetulia, kama kilivyozoea kutuhadaa. Akaniambia nimwulize maradhi haya yanamzuia nini nyumbani. Nikamwuliza kaka. Baadaye nilijua kwamba yeye na mkewe walikuwa wamelishauriana jibu lile kwa siku nyingi. Akasema, macho yapo sakafuni:

"Waambie asubuhi mke wangu ndiye aniketishaye kitandani. Waambie kikohozi kikinishika, mkojo hunitoka, na yeye ndiye anisafishaye, watoto wakiona. Sema vivyo hivyo."

Maneno ya Kiingereza nilikuwa nayo, mwanangu. Nisikudanganye kwamba yalinipotea. Lakini niliwatazama wale Wazungu wawili na mashati yao meupe, nikawaza: watatuonaje? Nani atampa kalamu kijana wa nyumba kama hii? Tena kwetu tumelelewa kwa sitara. Aibu ya nduguyo huianiki uani. Nikasema: hukohoa asubuhi, na mara nyingine huchoka. Daktari akaandika. Kaka akatikisa kichwa kukubali, akiamini nimefikisha.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Nilimsomea uani kwake. Ombi limekataliwa, mwombaji anaweza kazi nyepesi, maana mwenyewe ameeleza kuwa hukohoa asubuhi na mara nyingine huchoka.

"Soma tena hapo," kaka akasema.

Nikasoma.

"Mimi nilisema hivyo?"

Bi Mwanaisha aliacha kusuka, mikono ikabaki juu ya makuti.

"Ulinionea haya mimi," kaka akauliza polepole, "au ulijionea haya wewe?" Kisha akasema: "Umenisitiri kama maiti, ndugu yangu, nami ningali hai."

Nilimsihi twende tukaombe upya. Nilimwapia wallahi, safari hii nitasema yote. Akakataa. "Nguo ile nimeivua mara moja. Siivui tena." Akaenda machimboni Mwakirunge kuponda kokoto, maana ndiyo kazi iliyomruhusu kuketi, kifua kile, na vumbi lile. Kikamlaza kitandani, na hakumaliza mwaka.

Ukarani mimi nilipewa. Mshahara wangu nikawa nampelekea Bi Mwanaisha. Alikuwa akiupokea, kisha akirudia makuti yake.

Nilikuwa mmoja wa waliomwosha kaka. Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nilikuta mgongo umefanya vidonda vya kulala. Nilikuta nyama imekwisha mapajani. Yote niliyoyafunika mbele ya daktari yalikuwa pale, na mkono uliomimina maji ulikuwa wangu. Nilipotoka sikumweleza mtu nilichokiona, na hapo nilifanya haki. Ila sitara hiyo nilikuwa nimekwisha kuitoa kabla ya wakati wake.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiwa na maradhi yasiyoonekana kwa macho, na aliyeshika haki yako akakuuliza, mweleze siku yako mbaya. Siku yako njema ataiona mwenyewe. Mficha uchi hazai. Na ukipewa kumsemea mwenzako, mpe ulimi wako wote. Sema alivyosema, hata uso ukikuwaka moto, maana aibu ile amekwisha kuilipia yeye kwa kuitamka. Usimpe aliye hai sitara ya maiti. Mwachie mwosha kazi yake.

Mungu akujaalie afya. Na akikutahini kwa maradhi, akupe ujasiri wa kuyasema, na ndugu wa kuyafikisha, asiye mfano wangu.