Firigisi ya Mganga

Nimeuza chakula gulioni Mugoma miaka mingi, na firigisi ya kuku naijua hata nikifumba macho. Ndiyo maana mganga yule ananichefua mpaka leo.

Nilikuwa natokwa damu katikati ya mwezi, na kila nikilala na mume wangu. Yeye akahamia sebuleni, akasema damu ile inamtia kinyaa. Mimi niliwaza saratani tu, wala sikuthubutu kulitamka neno lenyewe. Mama mkwe akasema ni kinyama kimeota ndani, na nikienda hospitali watanitoa kizazi chote. Basi akanipeleka kwa mganga wake, upande wa Mabawe.

Chumba kilinuka samli iliyochacha na jasho la waliotutangulia. Mganga hakunawa. Alinichanja chini ya kitovu kwa wembe ambao sikuuona ukifunguliwa, akabandika pembe ya ng'ombe, akanyonya kwa mdomo huku mate yakinichuruzikia tumboni. Kisha akatema kitu kwenye sahani.

"Kinyama chako hicho."

Ilikuwa nusu ya firigisi, ngozi ya njano ya ndani haijabanduliwa, na punje ya mtama imenasa humo. Mama mkwe alikuwa akipiga makofi ya shukrani.

Njiani nikamwambia, "Mama, ile ni firigisi."

"Nyamaza, mwanangu. Ukimdharau, dawa haishiki."

Damu ilirudi wiki ile ile. Nikapanda gari la Ngara mjini peke yangu, bila kumuaga mtu.

Daktari, mama wa makamo, alichungulia kwa taa akasema kweli kinyama kipo, kwenye shingo ya kizazi, kinaning'inia kwa kikonyo. Kidogo kisichosumbua huweza kuachwa kikaangaliwa. Kikubwa chenye shina nene hutolewa chumba cha upasuaji. Changu kinavuja, atakitoa pale pale, na kizazi hakiguswi. Akakishika kwa koleo jembamba, akakisokota polepole mpaka kikang'oka, akapaka dawa ya kukausha damu. Niliumwa kama siku za mwezi, basi. Akakitia kwenye kichupa kiende maabara. Nilikiona: chekundu, chenye utelezi, kinatia kinyaa vilevile, lakini hiki kilikuwa changu.

Majibu yalipotoka, haikuwa saratani. Nikarudi na hasira zangu zote, nikamkuta mama mkwe jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza kila kitu, nikasema mganga wake ni mchafu wa mikono na wa roho. Alipoinamisha kichwa, nikaona raha.

Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Kisha akaniuliza kama daktari yule huwapokea na wanawake waliokwisha kukoma siku zao.

"Mimi mganga alinitoa vinyama viwili," alisema. "Na bado natoka damu."