Bwana Hakuna na Kinamasi Chetu

Watu wa mtaa huu humwita shemeji yangu Bwana Hakuna, na kwa kuwa sasa wameanza kuwaita hata wajukuu wangu "watoto wa Hakuna", ni wajibu wangu kueleza jina hilo lilikotoka. Ni lake peke yake. Marehemu mume wangu, aliyekuwa kaka yake mkubwa, hana hisa ndani yake.

Shemeji alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja. Alipokea mafaili, akagonga mihuri, akayarudisha rafuni, na humo akadonoa maneno makubwa kama kuku anavyodonoa punje bila kujua nani alilima. Alipostaafu alibaki na kalamu tatu katika mfuko wa shati, mbili hazina wino, na imani kwamba kisichokuwa na karatasi hakipo duniani.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kinamasi cha ukoo, chenye matete, vyura na kambare. Maji machafu ya mtaa wa juu huingia humo meusi, yakatokea upande wa pili, kwenye kisima cha dobi, maangavu kama kioo. Mvua kubwa nayo hulala humo badala ya kulala vitandani mwetu. Mume wangu alikuwa akisema, "Huyu ni mfanyakazi asiyedai mshahara." Hakuyasomea mambo hayo. Alitumia macho.

Ofisi ya ardhi ilipoleta fomu ya kuorodhesha mali za ukoo, shemeji akaijaza bila kumuuliza mtu. Mbele ya neno kinamasi, kwenye safu ya thamani, akaandika: Hakuna. Akaipeleka kwa kinyozi kuwaonyesha watu mwandiko wake, kisha akaniletea mimi, mjane wa mkubwa wa ukoo, nitie sahihi ili kiuzwe kwa mtu anayetaka kujenga ghala.

"Shemeji, ni tope tu lile," aliniambia, amejipweteka kwenye kiti cha kaka yake. "Mtu anataka kutupa hela, sisi tumekumbatia vyura!"

"Maji ya dobi yanatoka wapi?"

"Ardhini."

"Na ardhini yanaingilia wapi?"

"Aa, mwalimu, hapa si darasani."

"Ingekuwa darasani ungekuwa umeshasimama kwenye kona."

Sikutia sahihi. Wiki iliyofuata nilikwenda kumuuguza dada yangu, na niliporudi nilikuta malori yamekwisha mwaga kifusi juu ya nusu ya matete. "Namwonyesha mnunuzi kwamba panajengeka," alisema, kifua mbele. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu alikuwa karibu kuvunja miguu ya mtaa mzima.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana. Maji yalifika pale yalipozoea kupumzika, yakakuta matofali mabovu yamelala mahali pao. Yakavuka mpaka uani kwa dobi, na mengine yakaingia chumbani kwa shemeji mwenyewe, yakaviogelesha viatu vyake chini ya kitanda.

Kesho yake dobi alisimama mlangoni kwake na shuka za nyumba ya wageni, zilizokuwa nyeupe, sasa rangi ya chai. Nyuma yake walikuwa nusu ya mtaa.

"Mzee, toka nje! Hebu tukumbushe, kile kinamasi thamani yake nini?"

"Hakuna!" kinyozi akamjibia. Watu wakaangua kicheko.

"Basi huyo Hakuna ndiye aliyekuwa ananichujia maji! Umemfukia, kwa hiyo shuka hizi utafua wewe, Bwana Hakuna."

Jina likaganda palepale. Mnunuzi naye alikuja, akatazama ziwa lililosimama juu ya kile kifusi, akageuza gari bila kushuka.

Nilimwambia shemeji achague: atoe kifusi, au mimi nikaieleze ofisi ya ardhi nani alikimwaga bila sahihi yangu. Lori halikuweza tena kuingia kwenye lile tope, ikabidi akodi wachimbaji, koleo na mikokoteni kwa siku tisa. Kiinua mgongo chake kikaishia humo. Alipojumlisha aliona kwamba kukitoa kile kifusi kumezidi bei yote aliyoahidiwa na mnunuzi. Nikamwambia hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ya maana aliyoifanya maishani, nayo bado ina upungufu, maana hajaingiza shuka za dobi wala kambare waliohama.

Kisha nikamletea fomu mpya, dobi akiwa shahidi.

"Niandike nini, shemeji?"

"Andika unachokijua."

Alikaa na kalamu kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Hatimaye akaandika: Inachuja maji.

"Kinachuja," nikasema. "Kinamasi kinachuja. Miaka thelathini na mmoja masjala, na ngeli bado zimekushinda."

Akakata, akaandika upya, na chini yake akaongeza mwenyewe: Kinazuia mafuriko. Nikasoma mara mbili, nikatia sahihi kwa jina kamili la ukoo.

Wakati wa kuondoka dobi aliniuliza, "Mama, sasa tuache kumwita Bwana Hakuna?"

"Yeye mwiteni tu," nikamjibu. "Watoto waacheni."