Kitabu cha Mama Galina

Ijumaa moja naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi, mwanangu, na baba yenu asisikie. Nilikuwa Doha, mtaa wa Thumama, nimejilaza kwenye chumba changu kando ya jiko, AC inanguruma, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Hakuna aliyekuwa akinifukuza. Nilipenda tu kujifungia. Wenzangu walikwenda Uarabuni wakarudi na dhahabu. Mimi nilirudi na ujuzi wa kuangalia dari.

Niliajiriwa kumtunza mama mmoja Mrusi, Mama Galina, mzazi wa injinia wa ujenzi. Alikuwa amefiwa na mumewe, mwanawe akamchukua waishi pamoja kule kwenye joto. Alikuja na masanduku ya vitabu mpaka mwanawe akanung'unika. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa kabati la vioo, na kila asubuhi nilipangusa vumbi la jangwani kwenye vitabu ambavyo sikuweza kusoma hata majina yake. Fomu foo yangu haikufika huko.

Nikipangusa, yeye anasimulia. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, chake na changu, lakini vikikutana vilitosha. Kwao, aliniambia, kuna wakati watu walikusanya magazeti makuukuu kwa kilo, wakayapeleka kituoni, ndipo wapewe kibali cha kununua riwaya moja. Vile vitabu ambavyo serikali haikuvitaka, watu walivipiga taipu nyumbani kwenye karatasi nyembamba, kaboni katikati, na nakala ya mwisho ikawa kivuli tu. Unapewa kitabu kwa usiku mmoja. Familia inaketi jikoni, anayemaliza karatasi anampa wa pembeni yake, na kukicha kinakwenda kwa mwingine anayengoja. Aliniambia pia juu ya wenzao waliokimbia nchi na vitabu vyao. Walifia ugenini, vitabu vikaishia kwenye maktaba za watu wengine, na mwanafunzi akifungua kimoja anakuta ua lililokauka, hajui la nani.

Mimi niliitikia tu, "Ndiyo, Mama." Mpweke akimsimulia mpweke mwenzake, mwanangu, mara nyingi kila mmoja anasikia AC.

Siku moja akanikuta kwenye simu na rafiki yangu Achieng, aliyekuwa akikaa mtaa wa Mansoura, hapo hapo Doha. Nilikuwa namdanganya kwamba kichwa kinaniuma ili nisiende kwake. Nilipokata, Mama Galina alikuwa amesimama mlangoni.

"Kadzo, hicho ni Kiswahili?"

"Ndiyo, Mama."

Akaenda kabatini, akarudi na kitabu chembamba cha hadithi za watoto. Picha za mbweha na theluji, maneno ya Kiswahili, kimechapwa Moscow. Nilikaa chini. Vitabu kama hivyo vilikuwepo shuleni kwetu. Tulibishana kama ile theluji ni pamba au chumvi. Kumbe ujanani Mama Galina alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi za lugha za mbali. Alipanga Kiswahili herufi kwa herufi, wala hakujua neno hata moja.

Akanipa kitabu. Nikakipeleka chumbani, nikakiweka chini ya mto. Nikakisoma, nikakirudia, nikakililia, na mlango umefungwa.

Basi Ijumaa ile akagonga.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kiko salama, Mama. Chini ya mto."

"Nani anakisoma?"

"Mimi."

"Na baada yako?"

"Baada yangu ni mimi tena," nikasema, nikacheka.

Hakucheka. Aliketi kwenye kitanda changu, ambacho kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mgeni. "Kwetu mtu aliyekaa na kitabu kikapitiliza asubuhi hakupewa kingine. Kulikuwa na mtu anangoja. Safari hii anayengoja ni mimi. Mkataba wa mwanangu unaisha, tunaondoka. Maneno haya niliyapanga kwa vidole hivi, Kadzo. Sijawahi kuyasikia."

Nilikosa pa kuangalia. Hata dari, rafiki yangu wa siku zote, haikunisaidia.

Nikasoma. Mwanzoni sauti ilikwama, maana sikuwa nimeitumia kwa jambo la maana kwa muda mrefu. Yeye alifumba macho, vidole vikicheza kwenye shuka kana kwamba vinaokota herufi. Nilipofika pale mbweha anapofika kwenye kibanda akibisha hodi, akanisimamisha.

"Hilo nalikumbuka. Lilikuwa fupi. Maana yake nini?"

Nikamweleza kwamba ndilo neno unalolisema mlangoni kwa mwenzio kabla hujaingia.

Akautazama mlango wangu, akautazama ufunguo. "Na wewe umelisemea wapi tangu uje hapa?"

Nikarudisha macho kwenye ukurasa.

"Tumalize hadithi," akasema, "halafu uvae viatu. Dereva yupo."

Achieng aliponiona mlangoni kwake alishika kiuno. "Ala, sista ametoka konventi. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimeleta kitabu."

"Tungependa kuku, lakini ingia."

Mgongo wa kitabu ulikuwa umeachia kwa kulaliwa na kichwa changu, kurasa zikawa zinatoka. Nikawaambia Achieng na wenzake wa chumbani habari za jikoni kwa kina Mama Galina, nasi tukafanya hivyo. Tuliketi chini tukizunguka sinia, kila mmoja anasoma karatasi yake kwa sauti, anampa wa pembeni. Namuli, Mganda aliyesafisha vyumba vya hoteli, alisoma ukurasa wa theluji, akaomba akae nao mpaka Ijumaa ijayo. Ndivyo Ijumaa zilivyoanza kuwa na watu.

Siku Mama Galina alipoondoka nilimpa ukurasa wa mwisho, wenye jina la kiwanda chake chini kwa maandishi madogo ya Kirusi. Aliniachia kilichobaki. Alipokwisha kuingia garini, aligonga kioo kwa kidole kutoka ndani. "Hodi," akasema.

Nikajibu, "Karibu." Gari likaondoka. Nyumba nzima ikabaki na mimi na kabati tupu.

Baadaye kila aliyerudi nyumbani alikwenda na ukurasa wake. Achieng anao mmoja Kisumu, Namuli anao Masaka. Mimi nimebaki na huu wa kibanda, na leo nakupa wewe unayefunga begi kwenda huko huko Doha, kwa kazi ile ile.

Sikukatazi kupenda chumba chako; ningekuwa mnafiki. Ila kitu kizuri kikikufikia, usikilalie. Kisome kwa sauti, kuna mtu anangoja hata kama hajasema. Na usikae mpaka mzee unayemtunza aje kukutoa wewe kitandani, kama mimi.

Nenda salama. Mungu akupe mlango wa kubisha, na mtu ndani wa kukuitikia.